Nilipata sababu ya kusomea famasi, siku tatu baadaye nikaogopa kumshauri mgonjwa yeyote

Mwanafunzi_Dirishani aliandika:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie, maana nina fomu ya kujaza kabla ya Ijumaa na kichwa kimejaa.

Niko mwaka wa tatu. Famasi sikuichagua. Alama zangu zilipungua kidogo tu kwa udaktari, nikasema nitajishikiza hapa mwaka mmoja kisha nihame. Sikuhama. Nimekariri miundo ya kemikali, nimechora pete za benzini mpaka naziota, na kila nikiulizwa nasomea nini, nikijibu, mtu ananiambia, "Aa, kuuza dawa." Huwa nacheka. Ndani sicheki.

Mwezi uliopita tukapelekwa hospitalini kwa mafunzo kwa vitendo. Wiki mbili za kwanza ni kuhesabu vidonge, kubandika lebo na kupanga maboksi yanayokaribia kuisha muda yaje mbele. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja kuchukua insulini. Kichupa kilikuwa kimeisha siku tisa kabla ya tarehe yake. Dada wa kaunta alikuwa anataka kumpa tu aende, foleni ilikuwa ndefu. Mimi nikaitazama kadi yake. Kwenye dozi ya jioni kulikuwa na namba zimekatwa na nyingine kuandikwa juu yake: 20, ikakatwa, 24, ikakatwa, 28, ikakatwa, 34. Yote hayo ndani ya miezi saba. Na sukari yake haikuwa imetulia hata kidogo, leo juu, kesho chini, kesho kutwa juu zaidi.

Sijui nini kilinisukuma. Nikamwomba tuingie kile chumba kidogo cha nyuma, nikamwambia, "Mzee wangu, naomba unionyeshe unapochoma." Akafungua vifungo vitatu vya shati. Upande wa kushoto wa kitovu kulikuwa na kinundu kipana kama kifuniko cha mtungi mdogo, ngozi yake inang'aa. Nikakigusa. Kilikuwa kigumu kiasi, kama mpira uliopungua upepo. Nikamuuliza kwa nini hapo tu. Akanijibu kama anayenifundisha: "Hapa ndipo pazuri, kijana. Hapaumi."

Hapo ndipo slaidi moja ya mhadhara, ambayo nililala nusu yake, ikanirudia. Lipohaipatrofia. Insulini ikidungwa mahali pamoja kila siku huchochea mafuta ya chini ya ngozi kukua, pale mahali panakufa ganzi, mgonjwa anapapenda kwa sababu hapaumi, na dawa inakwama humo, inaingia mwilini inavyotaka yenyewe. Daktari anaona sukari iko juu, anaongeza dozi. Nikamweleza yote hayo. Nikamchorea tumbo kwenye karatasi, nikaligawa robo nne, kila robo wiki moja, na kila sindano iachane na ya jana kwa upana wa kidole. Akakunja karatasi akaiweka mfuko wa shati. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Miaka sita nachoma, hakuna aliyeniomba nifungue shati."

Jamani. Nilirudi hosteli natembea hewani. Nikasema kumbe hii ndiyo kazi yenyewe. Usiku ule nilisoma sura nzima ya insulini bila kulazimishwa na mtihani.

Siku ya tatu akaja binti yake. Saa nane usiku walimkuta baba amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Walimpima sukari, 2.6, chini mno. Wakamnywesha maji ya sukari, akarudi. Binti hakuja kulalamika hata, alikuja kuuliza kama insulini ile ilikuwa ya aina tofauti.

Haikuwa tofauti. Tofauti ilikuwa mimi. Uniti 34 zilizokuwa zinakwama kwenye kinundu, nilizihamishia kwenye ngozi nzima, na dozi sikuigusa, daktari sikumwambia, msimamizi wangu sikumwambia, alikuwa kwenye simu nikaona nisimsumbue. Mstari unaofuata kwenye slaidi ileile, ule niliousinzia, unasema mgonjwa akihamia sehemu nzima dozi huenda ikahitaji kupunguzwa na apimwe mara nyingi zaidi.

Nilikwenda kukiri. Msimamizi hakunifokea, na angenifokea ningepona haraka. Aliniuliza tu, "Ulimwambia nani?" Nikasema hakuna. Akampigia daktari, dozi ya jioni ikashushwa mpaka 24, tukajaza fomu ya tukio, akaniambia niiandike mwenyewe kwa mkono wangu.

Maswali yangu ni mawili. Moja: mtu anajuaje kama anapenda kusaidia wagonjwa, au anapenda kushikwa mkono kwa mikono miwili? Kwa sababu nikiwa mkweli, siku ile sikumwambia msimamizi si kwa ajili ya simu peke yake. Nilitaka kinundu kile kiwe changu. Pili: fomu ya mwaka wa mwisho inataka nichague wodini au kiwandani. Wiki moja iliyopita ningejaza wodini nimefumba macho. Leo nikiona mgonjwa anakuja dirishani naangalia chini.

---

Mama_Kaunta alijibu:

Mwanangu, pole. Nina miaka 19 kazini, na nimesoma habari yako nimesimama, chai imepoa.

Nikuambie langu kwanza, tuwe sawa. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpa mama mmoja methotreksati ya ugonjwa wa viungo. Vidonge vitatu, mara moja kwa wiki. Nilijua kabisa ni kwa wiki. Nilimweleza kwa mdomo, vizuri, kwa upole, nikitabasamu. Kwenye pakiti nikaandika "vidonge 3", siku sikuandika. Nyumbani dawa zilisimamiwa na kijana wake, ambaye hakuwepo nilipokuwa natabasamu. Akampa vitatu kila siku. Siku ya tano mama alirudi na vidonda mdomo mzima, hawezi kumeza mate. Alilazwa, akapewa asidi ya foliniki ya kupunguza sumu ya dawa ile, akapona, Mungu ni mwema. Tangu siku hiyo naandika jina la siku kwa herufi kubwa: JUMATATU TU. Wanafunzi wangu hunicheka kwa kalamu nyekundu. Wacheke.

Sasa swali lako la kwanza. Kupenda kushukuriwa si dhambi. Hata daktari bingwa anapenda. Shida ni kuifanya shukrani ndiyo mshahara. Shukrani ikija ipokee, lakini usiipangie bajeti. Sehemu kubwa ya kazi yetu hakuna anayeiona. Leo asubuhi dada mmoja anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kaja na cheti cha metronidazo, dawa ya kuua bakteria, kutoka kwa daktari mwingine ambaye hakujua habari za warfarini. Hizo mbili zikikutana damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Nimepiga simu mara tatu mpaka nikampata yule daktari. Dakika 40. Dada kakaa kwenye benchi anasonya, na alipoondoka na dawa nyingine kaniambia, "Mnapenda kuchelewesha watu." Nikamwambia samahani dada, karibu tena. Hiyo ndiyo siku nzuri kazini kwangu, uielewe hivyo.

Na kuhusu kinundu, jicho lako ni zuri. Usilitoboe kwa aibu. Umeona namba tatu zilizokatwa wakati wengine waliona kichupa kimeisha. Ulichokosa ni swali moja tu, na hili nakuomba ulibebe: *nikisogeza hiki, nini kingine kitasogea?* Mtu akiacha sigara, kuna dawa ambazo kiwango chake kinapanda mwilini, kwa mfano theofilini, dawa ya pumu. Mtu akianza kumeza vidonge vya kalsiamu pamoja na dawa yake ya tezi, ile ya tezi haifyonzwi sawasawa, ndiyo maana tunaziachanisha kwa muda wa saa nne. Mwilini hakuna kitu kinachokaa peke yake. Ukimshauri mgonjwa jambo jema, jambo jema nalo ni dozi.

Halafu mpigie simu baada ya siku mbili. Mbili, si saba. Kwa mzee wa insulini ungepiga kesho yake.

Fomu sikujibii. Wewe ndiye utakayeamka asubuhi kwenda huko.

---

Sukari_Mwaka_wa_12 alijibu:

Mimi si mtaalamu, mimi ndiye yule mzee, ila wa umri wako kidogo. Nachoma insulini mwaka wa 12.

Kinundu ninacho, pajani kulia. Nilikigundua mwenyewe suruali ilipoanza kubana upande mmoja. Kliniki nimeenda mara ngapi sijui, na kila mara ni kadi, kipimo, namba, "punguza wanga", nenda dirishani, pokea, next. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna mwanafunzi alimtoa mtu kwenye foleni akamwingiza ndani akamwambia nionyeshe, halafu sasa mwanafunzi huyo anaangalia chini, nakasirika kidogo. Sikukasirikii wewe. Nakasirika kwamba waliotuona miaka yote na hawakuuliza kitu wanalala vizuri.

Jambo la chumba cha nyuma usiliache. Mimi niliwahi kuulizwa kwa sauti dirishani, watu 15 nyuma yangu, "Hii sindano unachoma tumboni au makalioni?" Nilijibu tumboni ili yaishe. Nilikuwa nachoma pajani.

Na nikupe siri ya wagonjwa. Ukiniuliza "unabadilisha sindano kila mara?" nitakujibu ndiyo, kwa sababu swali lenyewe limeshaniambia jibu unalotaka. Niulize hivi: "Sindano moja huwa inakufikisha mara ngapi?" Hapo nitakuambia ukweli, mara nne, mara tano, mpaka ianze kukwaruza. Hivyo hivyo kwa dozi zilizorukwa. Usiulize kama nimeruka. Uliza wiki hii nimeruka ngapi.

Halafu saa nane usiku na 2.6, nimekuwa huko. Inatisha, halafu inapita, unabaki na njaa ya ajabu. Mzee atakuwa amekusamehe kabla hata binti yake hajafika hospitali. Kama kweli alijua kuna kitu cha kukusamehe. Alijua?

---

Bika_na_Pipeti alijibu:

Nitaharibu sherehe kidogo. Mimi mwaka wa nne, wagonjwa siwapendi, na sioni haya kusema. Si kwamba nawachukia. Nikikaa nao nachoka, nikikaa na mashine ya kupima ubora wa vidonge saa sita sichoki. Kwa hiyo hii habari kwamba maana ya famasi iko kwa mgonjwa anayekushika mkono, mnapoirudia rudia, sisi wengine tunaonekana kama tumepotea njia.

Kwa kuwa mmeanza na insulini, tuendelee nayo. Tarehe 11 Januari 1922, Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dondoo ya kongosho iliyotengenezwa na Banting na Best. Kila mtu anajua hilo. Wasilolisema sana ni kwamba sindano ile haikufanya kazi ya maana. Dawa ilikuwa chafu, sukari ilishuka kidogo tu na alipodungwa pakavimba. Wakasimamisha. Kulikuwa na mtu wa biokemia anaitwa James Collip, ambaye alijifungia maabara anahangaika na alkoholi, anaongeza nguvu yake kidogo kidogo, mpaka akapata kiwango ambacho uchafu unabaki kwenye kimiminika na insulini inatengana. Tarehe 23 wakamdunga tena yule kijana kwa dawa ya Collip, na safari hii sukari ikashuka kweli. Nobeli ya 1923 ikaenda kwa Banting na Macleod, profesa mwenye maabara. Macleod akamgawia Collip nusu ya fedha zake, kama Banting alivyomgawia Best.

Yaani kati ya sindano iliyofeli na iliyofaulu kuna siku 12 za mtu aliyekuwa anaangalia chupa. Chupa haikumshika mkono.

Sisemi ujaze kiwandani. Nasema ukijaza kiwandani kwa kumwogopa mzee, utakuwa mfanyakazi mbaya wa kiwandani. Huku nako dozi ikikosewa hukosewa kwa watu laki moja kwa mpigo, na hakuna binti atakayekuja kukuuliza.

---

Nesi_wa_Zamu alijibu:

Wote mmesema vizuri ila hakuna aliyeuliza: familia ilifundishwa nini baada ya ule usiku? Maji ya sukari walibahatisha au walijua? Gramu 15 za sukari inayoingia haraka, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, atapaliwa, akimbizwe. Mwandikieni, bandikeni ukutani kwake. Maana ya maisha tutaijadili baadaye.

---

Mwanafunzi_Dirishani alijibu:

Asanteni. Nesi, umenikamata. Tulikuwa hatujawafundisha. Walibahatisha, binti alikumbuka kitu alichosikia redioni. Nimeandika karatasi jana, msimamizi akaisoma, akaongeza mstari mmoja, ndipo nikampa. Nimeanza kupenda ile hali ya mtu kusoma kitu changu kabla hakijaenda kwa mgonjwa. Mwanzo nilidhani nitajisikia mtoto.

Sukari_12, swali lako "alijua?" limenikosesha usingizi siku mbili. Hakujua. Alidhani ni ugonjwa tu umefanya mambo yake. Leo alikuja kupima, nikamwomba tena chumba cha nyuma, safari hii msimamizi akiwa amekaa pembeni. Nikamwambia: mzee, ile hali ya usiku ilitokana na mimi, nilikuhamisha mahali pa kuchoma bila kumwambia daktari apunguze dozi. Alinyamaza muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Sasa mbona unaniambia, si yameshapita?" Sikuwa na jibu zuri. Nikasema nimeona ni haki yako ujue. Akanitazama, akatikisa kichwa, sikuelewa kama ni kwa kukubali au vipi. Hakunishika mkono. Aliuliza kama kipimo kiko tayari.

Na ajabu ni kwamba nilitoka mle ndani nimetulia kuliko siku ile ya kwanza. Sijatembea hewani, nimetembea chini.

Baadaye alinisimulia kitu kingine. Nilitumia swali la sindano inakufikisha mara ngapi. Akasema mara saba. Saba! Kwenye kadi kumeandikwa "anabadilisha kila mara", mwandiko wangu mwenyewe, siku ile ya kinundu. Nimeikata nikaandika juu yake, sasa nami nina namba yangu iliyokatwa kwenye ile kadi. Dozi ya jioni imefika 22 na sukari za asubuhi zimeanza kufanana fanana.

Bika, habari ya Collip nimeisoma mara tatu. Uko sahihi kwamba nilitaka kukimbilia kiwandani kujificha. Nimejaza wodini. Nikishindwa nitakuja kukuomba nafasi kwenye mashine yako.

Mama Kaunta, swali moja la kitaalamu kabla sijalala. Mzee ile karatasi niliyomchorea aliipoteza, kwa hiyo amechora msalaba tumboni mwenyewe kwa kalamu ya wino, robo nne, na ameandika 1, 2, 3, 4. Anapooga unafutika, anachora tena. Anadunga juu ya wino. Kuna ubaya?

---

Mama_Kaunta alijibu:

Upo. Mwambie adunge penye ngozi safi, asipitishe sindano kwenye wino, utaingia chini ya ngozi na utakaa huko kama chale. Mchoreeni karatasi nyingine, safari hii mbili, moja akae nayo binti.

Ila hizo namba alizoandika, alianzia robo ipi? Muulize kesho. Kama ile ya kinundu ndiyo namba 1, anairudia kila mwezi, na hiyo inatakiwa kupumzishwa kabisa. Mwambie msimamizi wako kwanza.